Mwali na Ua la Mwambani

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
4 Novemba 1973

Mpendwa Mjomba Mwinyimvua,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliouumiza msituni umepona. Huku hatujambo. Mama hajambo, Baba bado yuko Mlimba kwenye kazi ya reli na ametuletea salamu. Mimi pia sijambo, ila nimekuwa mtu wa ndani.

Najua unazo habari, kwa sababu Mama alikupelekea ujumbe siku ile ile. Leo ni siku ya kumi na mbili. Nimewekwa chumba cha tatu mkono wa kulia, kile tulichokuwa tunawekea magunia ya mkaa. Dirisha limepigiliwa mbao. Kungwi wangu ni Bi Zamzam wa nyumba ya pili. Ananisinga asubuhi na jioni, ananifundisha mengi ambayo siwezi kukuandikia, na anasema mwali hasemi na mwanamume. Nikamwuliza, je, kuandika? Akafikiri kidogo, akasema la kuandika yeye hakufundishwa. Ndiyo maana naandika haraka kabla hajapata jibu.

Mjomba, nina jambo. Tulifanya mtihani wa darasa la saba mwezi uliopita, na Mwalimu Candida, mwalimu wetu mkuu, alisema mbele ya darasa zima kwamba akichaguliwa hata msichana mmoja kwenda sekondari, huenda nikawa mimi. Majina hutoka Desemba, shule hufunguliwa Januari. Nilimwuliza Mama, nikichaguliwa nitatoka? Akasema mlango wa mwali wa Kiluguru hufunguliwa na mjomba. Nikamwuliza Baba kwa barua, naye akajibu kwamba mambo ya mwali ni ya upande wa kuukeni, yeye hana kauli. Basi nakuuliza wewe mwenye mlango.

La pili ni dogo. Humu ndani hakuna kitu cha kutazama. Vitabu vyangu Bi Zamzam amevifungia kabatini. Nasikia tu nyundo za soko jipya linalojengwa, na sasa naweza kutofautisha nyundo ya msumari na nyundo ya jiwe. Nitumie kitu chochote cha huko nikitazame. Hata jiwe litafaa.

Mpwa wako,
Sophia


Matombo,
Morogoro.
15 Novemba 1973

Kwa mpwa wangu Sophia,

Marahaba. Barua yako imefika, na mimi ni mzima. Mguu umepona, ila siku hizi unatabiri mvua kuliko redio. Wazee wa huku wote wanakusalimu, na wanakupongeza kwa kukua.

Ujue kwamba barua yako nimeisoma mwenyewe. Miaka miwili iliyopita ningempelekea mtu anisomee, na mambo yako yangekuwa mali ya kijiji kizima. Darasa la ngumbaro limenitoa tongotongo. Nasoma polepole, kidole chini ya mstari, lakini nafika. Na nilipofika nilicheka peke yangu. Mwali anamwandikia mwanamume! Marehemu bibi yako angesikia, angefufuka aje akuchape.

Sasa nikujibu. Mlango ni wangu kweli. Lakini mwali hatoki kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Mwali huchezwa. Ngoma inataka mpunga uwe umevunwa, mbuzi awepo, na ukoo ukusanyike. Mpunga ni Juni, ngoma ni Julai. Asiyechezwa hajatoka, hata akizunguka dunia nzima. Kwa hiyo Januari isikuumize kichwa. Ni Julai.

Kitu cha kutazama nimekipata. Nimempa Nassibu, dereva wa gari la ndizi, akuletee. Ni mmea mdogo, majani yake ya mviringo yana manyoya laini kama sikio la sungura. Unaota kwenye mwamba wenye unyevu kando ya kijito, ndani ya msitu wa serikali ninaoulinda. Kwenye jua huwezi kuukuta. Mwaka mmoja mti mkubwa uliangukia upande ule, jua likaingia, na katika wiki mbili mimea yote ya mwamba ule ilikauka. Jina lake silijui. Hatuili, hatutibii kwayo, na ng'ombe hawaigusi, basi hakuna aliyejisumbua kuipa jina.

Nakuletea uwe mwali mwenzio. Utazame unavyokaa kivulini bila kunung'unika, na bado unachanua. Jifunze subira kwake.

Mjomba wako,
Mwinyimvua


Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo.
25 Novemba 1973

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na mwali mwenzangu amefika salama. Nassibu alimleta hadi uani akiwa amefungwa kwenye gome la mgomba, na udongo wake bado una unyevu. Bi Zamzam alimkagua kama mchumba. Akasema mtoto mzuri, ila ana nywele nyingi. Nilipomweleza kwamba ni mwali na hataki jua, alifurahi sana, akaamuru awekwe kwenye kopo la samli chini ya kitanda, kona ya mwisho, jua lisimwone hata kwa bahati mbaya. Ndipo alipo.

Jani moja lilivunjika njiani. Sikuwa na moyo wa kulitupa. Nimelitia kwenye gilasi ya maji na kuliweka kwenye dirisha, mahali ambapo mbao mbili hazikukutana vizuri pakabaki ufa wa upana wa kidole.

Mjomba, umeniletea kazi, si subira. Nimeuvuta mmea nje ya kitanda na kuutazama kwa koroboi mpaka Mama akalalamikia mafuta ya taa. Jani kwa juu ni kijani, lakini ukiligeuza kwa chini lina zambarau. Kwa nini lifiche rangi nzuri upande usioonekana? Tone la maji likidondoka halilowanishi jani, linakaa juu ya manyoya kama mgeni aliyenyimwa kiti. Ua lina vipande vitano, viwili vidogo juu na vitatu vikubwa chini. Rangi yake ni zambarau iliyopauka, na katikati kuna macho mawili ya njano. Halina harufu kabisa. Nimenusa mpaka nikahisi najidanganya.

Na kuna hili ambalo limeninyima raha. Katikati ya kila ua pana ulimi mwembamba. Ua la kwanza ulimi umeegemea kushoto. La pili umeegemea kulia. Mmea huu ulikuja na maua mawili tu, sasa sijui kama moja lina kilema au ndivyo yalivyo. Je, na huko mwambani ni hivyo hivyo? Na kama halina harufu, nani hulitembelea? Nenda ukatazame, Mjomba, nakuomba. Wewe una miguu.

La Julai nimelisikia. Naliacha hapo kwanza.

Mpwa wako,
Sophia


Matombo,
Morogoro.
6 Desemba 1973

Kwa mpwa wangu Sophia,

Marahaba, tena marahaba. Natumai uko salama pamoja na mama yako, mfikishie salamu za kaka yake. Mimi ni mzima wa mwili, lakini heshima yangu imepungua, na wewe ndiye sababu.

Nilikwenda mwambani kabla ya zamu. Maua haya ni mafupi, mtu akitaka kuyaona ndimi lazima alale kifudifudi. Basi nikalala. Hamis, mlinzi mwenzangu, akanikuta hapo, mzee wa miaka hamsini na mbili tumbo chini, pua kwenye jiwe. Akauliza kama nimeanguka. Nikamwambia nahesabu ndimi. Hajanisamehe mpaka leo. Kila akinipita anatoa ulimi, mara kushoto, mara kulia.

Lakini nimehesabu. Kushoto thelathini na moja, kulia ishirini na nane. Mmea mmoja huwa nayo yote mawili. Kwa hiyo ua lako halina kilema. Kwa nini yako hivyo, sijui. Harufu hakuna. Hamis naye alinusa, akapiga chafya, akasema hiyo ndiyo harufu.

Kuhusu mgeni wake, nilirudi siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nikamwona nyuki mnene mweusi. Alilishika ua kwa miguu akatetemeka nalo, na sauti yake ikabadilika, ikawa nyembamba, kama mtu anayeimbia ndani ya chupa. Akaondoka na unga wa njano tumboni. Hakuja kwa harufu, alikuja kwa yale macho mawili.

Sophia, nimepita hapo miaka kumi na tisa. Natembea na panga na daftari la serikali, nikitafuta wakata magogo. Sikuwahi kuinama. Nimeona aibu kidogo, na nimefurahi kuliko nilivyoona aibu.

La zambarau chini ya jani sina jibu. Ukilipata, niandikie. Julai ni ile ile.

Mjomba wako,
Mwinyimvua


Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo.
22 Desemba 1973

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huku wote hatujambo, ingawa Mama tangu juzi hali vizuri, na sababu utaiona mbele.

Nianze na msiba. Bi Zamzam ana moyo mwema. Kila akimaliza kunipaka mafuta ya nazi, hubaki kidogo kwenye viganja. Wiki iliyopita akaona mwali mwenzangu amefifia, akamhurumia, akampaka na yeye. Jani baada ya jani, juu na chini, akimwimbia. Alisema mwali lazima ang'ae. Manyoya yote yakalala, na baada ya siku nne majani matano yakawa ya kahawia na laini kama ndizi iliyooza. Nilipomwambia ni mafuta, alilia machozi kabisa. Imebidi mimi nimbembeleze kungwi wangu.

Lakini mafuta si mwanzo wa ugonjwa, Mjomba. Alikuwa amefifia kabla ya hapo. Maua yale mawili yalidondoka na hakuna kitumba kipya. Majani mapya yametoa vikonyo virefu vyembamba, vyote vimeinamia upande mmoja. Nimevifuatisha kwa uzi kutoka kwenye kopo. Uzi unakwenda moja kwa moja hadi kwenye ufa wa dirisha. Kutoka kona ya mwisho, chini ya kitanda, alijua ufa uko wapi.

Na lile jani lililovunjika, ambalo halina shina wala mizizi, nililoweka pale ufani nikalisahau? Limetoa mizizi. Myeupe, mingi, mirefu kama kucha.

Sasa habari inayomnyima Mama chakula. Mwalimu Candida alikuja Alhamisi. Nimechaguliwa. Tumechaguliwa wasichana wawili shule nzima. Ni shule ya bweni ya wasichana Iringa, na natakiwa kuripoti Jumatatu tarehe 21 Januari. Asiyeripoti, nafasi yake hupewa mwingine. Mama ameiweka barua ya shule chini ya godoro lake. Hasemi ndiyo wala hapana. Anasema tu, kaka akisema.

Sikuombi unitoe, ulishanijibu. Nakuomba unipimie kitu kimoja. Uliniandikia kwamba ua hili linapenda kivuli, na tukalitia kivulini, na linakufa. Basi hicho kivuli cha mwambani kikoje? Nimeanza kuwaza kwamba kivuli si giza. Ila mimi niko humu, siwezi kujua. Wewe pima.

Mpwa wako,
Sophia


Matombo,
Morogoro.
3 Januari 1974

Kwa mpwa wangu Sophia,

Marahaba. Mwaka mpya umeanza nami ni mzima, natumaini na nyinyi. Mpe Bi Zamzam pole. Mwambie hata mimi ningempaka.

Barua yako ilinikalia vibaya. Nilifikiri, mwanga unapimwaje? Mahindi yana debe, nguo ina futi. Nikaenda mwambani na barua yako mfukoni bila kujua nitafanya nini.

Ilikuwa saa sita mchana. Juu majani yamefungana, jua lenyewe hulioni, lakini kila kitu kinaonekana, kila jani na kila mdudu. Nikatoa barua nikaisoma pale kwenye maua, na niliisoma vizuri, hata pale ulipobana herufi ukingoni. Nyuma ya mwamba huo kuna pango dogo. Mawe ni yale yale, maji ni yale yale, baridi ni ile ile. Hakuna ua hata moja mle. Nikaingia, nikafungua barua. Niliona karatasi, maneno sikuyaona.

Nikaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, barua mbele ya macho. Giza, giza, giza, halafu mstari wa kwanza ukajitokeza: Mpendwa Mjomba. Nikasimama. Nikatazama chini. Kando ya kiatu changu palikuwa na mmea wa kwanza, mdogo kama sarafu.

Nilirudia mara tatu upande mwingine wa pango. Ni hivyo hivyo. Kisha nikatoka hadi kwenye uwazi, jua likapiga karatasi nikashindwa kusoma kwa sababu ya mng'ao, na huko nako ua hakuna. Kwa hiyo nimepima, Sophia. Ua hili linaota pale ambapo mtu wa ngumbaro anaweza kusoma barua.

Nilikudanganya, bila kujua nadanganya. Niliona halikai juani, nikasema linapenda giza. Kumbe sikuwahi kutazama upande wa pili.

Sasa na mimi nina swali, na unijibu kweli, usiongeze wala usipunguze. Katika chumba hicho, mchana, bila koroboi, ni mahali gani unaweza kusoma barua hii?

Mjomba wako,
Mwinyimvua


Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo.
9 Januari 1974

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima. Nimefanya ulivyosema, siku mbili, na siongezi.

Kitandani siwezi kusoma. Mlangoni siwezi. Chini ya kitanda sioni hata vidole vyangu. Kwenye ufa wa dirisha naweza, kuanzia saa nne mpaka karibu saa saba, kwa sababu jua hupiga bati la jirani na mwanga wake hurudi kwetu. Mahali penyewe ni upana wa kiganja. Nikisoma lazima nisogeze karatasi, siyo macho. Baada ya hapo ni koroboi mpaka kesho.

Jani la gilasini limepata watoto. Ni majani mawili madogo kama punje za mchele, yameota pale pale kikonyo kilipovunjikia. Yana manyoya tayari. Nimeipa gilasi sehemu yote ya kiganja, mimi nasoma pembeni.

Nilimsomea Mama barua yako yote. Uliposema ulirudi kinyumenyume hadi mstari wa kwanza ukajitokeza, aliniambia nirudie. Nikarudia. Kisha nikamwuliza, Mama, wewe ulikaa ndani muda gani? Akasimama, akaenda kuchambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa.

Zimebaki siku kumi na mbili.

Mpwa wako,
Sophia


Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo.
17 Januari 1974

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana Nassibu amekuja leo na ndizi tupu, hana barua. Nilimtuma Mama amwulize mara mbili. Anasema hakukuona kwenye njia panda ambako hukutana nawe siku zote, na Hamis naye hajui uliko.

Kama jibu lako ni Julai, liandike tu. Nitalisoma. Nalia ninapoandika hili na sioni haya kukuambia. Kilichonishinda ni kutojua.

Mpwa wako,
Sophia


Matombo,
Morogoro.
11 Februari 1974

Kwa mpwa wangu Sophia, mwanafunzi wa kidato cha kwanza,

Marahaba. Natumaini baridi ya Iringa haijakuumiza na kwamba blanketi lilitosha. Mimi ni mzima, mgongo nao unaanza kunisamehe.

Najua ulikuwepo, lakini naandika yote, maana wazee hapa wanasimulia vyao, nami nataka pawe na karatasi inayosimulia vyangu.

Barua yako ya tarehe 9 niliisoma nikaona sina la kuandika. Mtu akikuambia anasoma kwenye kiganja, humjibu kwa karatasi nyingine ya kugombania mahali hapo. Nilimwomba bwana msitu ruhusa nikashuka kwa miguu upande wa pili hadi penye basi, nisionane na yeyote wa ukoo wa kuniuliza naenda wapi. Jumamosi mchana nikawa kwenu. Nilifungua mlango mwenyewe. Sikukujua, Sophia. Nilimwona mtoto mweupe anayefunika macho. Ndipo nilipomkumbuka mama yako.

Hajakuambia, basi nitakuambia mimi. Mama yako alikuwa wa kwanza darasa la nne katika shule ya misheni, wavulana wote nyuma yake. Mjomba wetu akamweka ndani miaka miwili, kwa sababu mwaka wa kwanza mpunga ulikosa. Siku ya kutoka mimi ndiye niliyembeba mabegani. Alikuwa mwepesi kama tenga tupu. Ngoma ililia hadi asubuhi, na kila mtu alisema mwali amependeza. Shule haikutajwa tena. Mimi nilicheza kuliko wote, na sikuwahi kumwuliza kama alitaka chochote. Kosa hilo ni langu, nalisema.

Jumapili asubuhi nilikubeba kama desturi inavyotaka, maana mwali hatoki kwa miguu yake. Bi Zamzam alikataa kuja. Alisema hawezi kumsindikiza mwali asiyechezwa, akajifungia kwake, ingawa niliona amekufungia chapati. Nikasema tutoke kimya, habari zisifike huku kabla yangu. Kutoka Sikukuu mpaka Mnazi Mmoja hadi kituo cha basi, nilikutua mara mbili tu. Watu walisimama kututazama. Mbebaji haruhusiwi kugeuka nyuma, nami sikugeuka. Mama yako alikuja nyuma na sanduku lako, hakusema neno tangu nyumbani. Hata basi lilipoondoka hakunitazama. Nadhani amenikasirikia kwa kumtoa mwanawe kama mwizi, bila hata kigelegele.

Sasa wazee wameniita. Walinikalisha kuanzia asubuhi hadi alasiri. Ya mpunga na mbuzi niliyajibu. Kwamba mwali alibebwa, walikubali, Nassibu alishuhudia kwamba alituona kwa mbali, wewe mabegani mwangu. Lakini wakauliza, nani alimcheza? Nikasema hakuna niliyemwona. Basi wamesema asiyechezwa hajatoka. Ukija likizo ya Juni unarudishwa ndani mpaka ngoma ya Julai, na kama shule itafunguliwa kabla, basi ifunguliwe. Kauli ya mwisho wataitoa mwisho wa mwezi. Nimepigana, lakini kwa desturi wana haki, nami ndiye niliyekuambia maneno hayo hayo.

Nisamehe. Soma kwa bidii hadi Juni, nami nitaendelea kutafuta jibu.

Mjomba wako,
Mwinyimvua


Shule ya Wasichana,
Iringa.
24 Februari 1974

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, blanketi linatosha, na macho yamezoea. Wiki ya kwanza nilitembea nimeyafinya, wasichana wakadhani nina kiburi. Sasa nina marafiki, na mwalimu wa biolojia amechoka na mimi. Nilimwuliza juu ya zambarau ya chini ya jani. Amesema huenda inaurudisha mwanga uliokwisha kupita, usipotee, lakini hana hakika na atauliza. Nimempenda kwa sababu alisema hana hakika.

Barua yako niliisoma nje, kwenye ngazi za bweni, na nilipofika kwa wazee nilisimama wima. Mjomba, wewe ulikuwa chini, unatazama mbele, na mbebaji hageuki. Mimi nilikuwa juu. Na mimi niligeuka.

Tulipotoka mlangoni Mama alikuwa nyuma na sanduku la bati kichwani. Alivua viatu akavishika mkononi. Nilidhani ni matope. Kisha nikaona magoti yake. Alianza pale pale mbele ya nyumba ya Bi Zamzam, taratibu, bila sauti, kwa sababu ulisema tutoke kimya, na Mama hajawahi kukukatalia neno. Hakuna aliyepiga ngoma. Aliishika mwenyewe mwilini. Mabega yalicheza, kiuno kilicheza, nyayo zilipiga vumbi, na sanduku halikutikisika. Mafundi wa soko waliacha kazi wakatazama. Mwanamke mmoja muuza mihogo alitaka kupiga kigelegele, Mama akaweka kidole mdomoni, akaendelea. Kila uliponitua kupumzika alisimama akatazama pembeni, na kila uliponiinua akaanza tena. Alikuwa analia, Mjomba, na alikuwa anacheka, na sijawahi kumwona akicheza maisha yangu yote.

Kama hakukutazama kituoni, ni kwa sababu uso wake wote ulikuwa machozi.

Basi waambie wazee kwamba mwali alichezwa. Alichezwa kutoka mlango wa nyumba hadi ngazi ya basi, mchana kweupe, na mama yake mzazi. Kama watasema mchezaji mmoja hatoshi, waambie wapande gari la Nassibu, waje Mtaa wa Sikukuu, wamwambie yeye mwenyewe.

Mpwa wako,
Sophia